Nzuri, Ila

Siku Mkuu wa Chuo alipokuja kuniambia kwamba saa yangu ya darasa inapewa tableti, nilikuwa nimeshika mguu wa Mama Doto nautafutia mahali pa kuuchomeka. Mama Doto ni mdoli wetu wa kufundishia ukunga. Amemzaa mtoto yule yule wa mpira mara nyingi kuliko wanawake wote wa Mkolani wakijumlishwa, na hajawahi kunijibu vibaya, ndiyo maana tunapatana. Mguu wake wa kushoto hutoka mwanafunzi akimvuta kwa pupa, na wanafunzi wangu wana pupa pale isipotakiwa tu.

Mkuu wetu, Mwalimu Revocatus, ni mtu mpole anayelipenda sana neno "ubunifu". Alisimama mlangoni, akanisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mguu, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Kuna shirika limetupa tableti, na ndani ya tableti mna akili mnemba inayozungumza na wanafunzi. Mwanafunzi akimaliza zoezi, badala ya kuja kwangu ataikalia hiyo tableti, imuulize maswali kwa utaratibu, atafakari alichofanya, basi. Tungejaribu kwa muhula mmoja. Karibu na mwisho wa muhula angekuja mgeni kukagua, na mgeni akiridhika, saa yangu ingefutwa kwenye ratiba moja kwa moja.

Nikamuuliza mimi saa hiyo nitakuwa nafanya nini. Akasema stoo inahitaji mtu makini.

Sasa niieleze hiyo saa, maana bila hiyo mtaniona mwanamke wa fujo bure. Kila wiki wanafunzi huigiza kwamba Mama Doto amejifungua na damu haikatiki. Damu yetu ni maji mekundu ya rozela kwenye mfuko, na mpira wake umefichwa chini ya paja. (Kuna mtu aliwahi kuitia sukari, tukafundisha ukunga wiki nzima na sisimizi.) Mmoja hushika koki ya ule mfuko. Wenzake wakifanya yanayotakiwa, yaani waite msaada, wasugue tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, wachome sindano, waweke dripu, yule anafunga koki na mama anapona. Wasipofanya, rozela inaisha na mama amekufa. Baada ya hapo tunakaa chini tunaulizana kilichotokea. Hiyo ndiyo saa yangu, na sijapata kupenda kitu kazini kama ninavyoipenda. Mtu hajifunzi akiwa na damu mikononi. Anajifunza akishanawa, akakaa, akaulizwa.

Shida ni kwamba mimi siulizi. Mimi nafoka. Mama yangu alikuwa anauza samaki aina ya sato mwaloni Kirumba, na sauti aliyokuwa anaitia wateja wa ng'ambo ya pili alinirithisha yote bila kubakiza. Wanafunzi walishapeleka malalamiko kwa Mkuu kwamba kutafakari na Madam Odeta ni sawa na kuhojiwa polisi. Mimi nilidhani wamenisifu.

Aliyeileta hiyo akili mnemba ni Naushad, kijana wa duka la vifaa vya umeme pale mjini, aliyesomea kompyuta akarudi nyumbani. Huyu nilimpokea duniani kwa mikono yangu miwili, kabla mama yake, Alia, hajamshika, nikampiga kofi la makalio ndipo akalia. Nilipomwona anaingia na maboksi yake nilijuta kumpiga moja tu.

"Shikamoo, Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita hadi leo.

Nikaitikia, kisha nikamuuliza kama amekuja kunilipa wema au kuninyang'anya kazi. Akacheka kwa aibu, akanionyesha mtambo wake. Ameuita Dada Tafakari. Akanieleza kwamba ulipotoka kwa waliouunda ulikuwa unamkabili mwanafunzi na swali kavu kavu, "Eleza hisia zako," hata salamu hakuna. Yeye akaona hapa Mwanza hakuna mtu atakayemweleza hisia zake asiyemsalimia. Kwa hiyo ameufundisha adabu. Unawaamkia walimu shikamoo, unamwita mtu kwa jina, na swali la kwanza kabisa ni "Habari za zoezi?" Hapo, lazima niseme, nilimwona kijana amelelewa. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke aliyekunywa chai akashiba na hana haraka ya kwenda popote.

Wiki ya kwanza likaanza kundi la Shigela. Shigela ni kijana mrefu kutoka vijijini Magu, huko ndani ukishaipita Kisesa, na ndiye mcheshi wa darasa. Kwenye vitabu yuko vizuri, mikono anayo, lakini rozela ikianza kutiririka anasimama pale kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Nilikuwa nimemfokea muhula mzima uliopita bila faida. Mwenzake ni Suzana, binti mnyamavu anayetembea na matobolwa mfukoni, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na mwenye sauti ndogo kiasi kwamba nilishawahi kuandika hayupo huku ananiitikia.

Shigela alikuwa kiongozi wa zoezi. Rozela ikatoka, akasimama, wenzake wakamwangalia, mfuko ukaisha. Mama Doto akafa. Wakanawa mikono, wakatoka kwenda kwenye tableti barazani, na mimi nikabaki dirishani nikisikiliza. Dirisha ni la chuo.

Dada Tafakari akamuuliza Shigela habari za zoezi. Shigela akasema nzuri. Dada akasema vizuri sana, na ni kitu gani kilikwenda vyema? Shigela akasema ushirikiano. Dada akampa hongera, akamuuliza ataboresha nini. Shigela akasema ataongeza juhudi. Dada akasema hongera sana, Shigela, umetafakari vyema, nakutakia siku njema.

Nikageuka kumwangalia Mama Doto, amelala na mfuko mtupu na mguu wa kushoto uko sakafuni.

Makundi yote yakawa hivyo hivyo. Nzuri, ushirikiano, nitaongeza juhudi. Hiyo "nitaongeza juhudi" kila mmoja wetu ametoka nayo darasa la kwanza, ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti ya mtoto anayeshika mkia na ya anayeongoza pia. Mama Doto akafa tena, akafa tena, hadi nikaanza kumwonea haya kila ninapomfunika shuka. Na kila jioni mtambo ukamtumia Mkuu taarifa yenye viduara vya kijani, wote wamefanya vizuri. Mwalimu Revocatus akaibandika ubaoni. Akaniambia kwa upole wake kwamba hata mimi sijawahi kupata matokeo kama yale. Ni kweli, sijawahi.

Nikamkamata Shigela kwenye korido. Nikamuuliza anawezaje kumuua mama wa watu saa nne kisha saa tano anasema zoezi lilikuwa zuri. Akaweka mikono nyuma, akaangalia viatu vyake.

"Madam, imeniuliza habari," akasema. "Mtu akikuuliza habari, utaanza na msiba?"

Nikamwambia asiniletee masihara yake, nikamtuma akaoshe mifuko ya rozela yote mpaka iliyokuwa safi. Niliona ni ujeuri mtupu. Sikulifikiria tena lile neno, nilikuwa na hasira nyingine za kushughulikia.

Muhula ukasonga hivyo. Nilikwenda kwa Naushad mara kwa mara kumwambia mtambo wake unadanganywa mchana kweupe. Akawa ananipa kiti, ananipa soda, ananiambia, "Mama, bado unajifunza." Nikamwambia wanawake wa kule wodini hawana muda wa kuusubiri ujifunze. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma kweli. Wale watoto walikuwa wanakwenda wodini baada ya muhula, ambako damu si rozela, na watu wa kuwauliza kwa makini walichokosea walikuwa wamebadilishwa na dada wa tableti anayempongeza kila mtu.

Siku ya mgeni ikafika. Mgeni mwenyewe alikuwa Daktari Krupa, daktari wa akina mama, mtu wa hapa hapa mjini tangu babu yake, ambaye lile shirika lilimpa kazi ya kukagua. Mwanamke mwembamba, amevaa raba nyeupe, hana maneno mengi. Mwalimu Revocatus alikuwa amepanga viti, soda na karanga, na amefunga tai ambayo tunaiona kwenye mahafali tu. Mpango ulikuwa kundi la Shigela lifanye zoezi, kisha Dada Tafakari awahoji kwa spika kubwa ili kila mtu asikie.

Mimi nikasimama. Nikasema zoezi nitafanya mwenyewe, na huo mtambo unihoji mimi.

Mkuu alifurahi, akasema ndiyo moyo wa ubunifu. Hakujua nilichokuwa nacho. Tangu jana yake, nikichambua mchele, nilikuwa nimepanga maneno. Nitafanya zoezi lisilo na dosari, kisha nitatafakari kwa kina ambacho ule mtambo haujapata kukisikia, mpaka ukwame, ukose la kunijibu, na daktari aone kwa macho yake kwamba mwalimu hawekwi kwenye boksi. Nikavaa glavu. Naushad akashika koki. Wanafunzi wakajipanga ukutani, kila mmoja na kifaa chake, Suzana akiwa na dripu. Kanuni ya chumba chetu wanaijua wote, na niliiweka mimi: hakuna anayebanduka ukutani mpaka aitwe.

Mtoto wa mpira akatoka salama. Rozela ikaanza. Nikasugua tumbo, nikasugua vizuri, kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Nikachoma sindano. Rozela ikaendelea. Nikaangalia mahali palipochanika, hapakuchanika. Nikarudi kusugua. Jasho likaanza kunitiririkia puani. Nilikuwa naisikia kalamu ya Daktari Krupa ikiandika nyuma yangu, na kila ikiandika nasugua zaidi. Nikamwona Suzana pale ukutani ananyanyua dripu kidogo, akaishusha, akainyanyua tena, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikajiuliza huyu naye anatingisha nini. Shigela alikuwa amenikodolea macho kama anataka kunisukumia kitu ndani ya kichwa kwa nguvu za macho peke yake.

Mfuko ukaisha. Rozela ilikuwa imeshuka kitandani ikavuka sakafu na kuzifikia raba nyeupe za daktari.

"Pole, Mama," Naushad akasema kwa sauti ya chini. "Amefariki."

Mimi, mwenye mdomo uliokuwa unasikika mpaka Buhongwa upepo ukiwa mzuri, mimi niliyewafokea watoto wa watu miaka na miaka kwamba jambo la kwanza ni kuita msaada, sikuwa nimemwita mtu.

Kabla sijavua glavu, spika ikafunguka. Ile sauti ya mwanamke aliyeshiba ikajaa chumba kizima.

"Shikamoo, Madam Odeta. Habari za zoezi?"

"Marahaba," nikasema. "Nzuri."

Naapa sikulituma lile neno. Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwa mtu yeyote aliyelelewa na mtu. Nimewahi kulala wodini na malaria, kichwa kinapasuka, nikaulizwa habari nikasema nzuri. Nimemzika baba watoto wangu, na waliokuja kunipa mkono matangani wakiniuliza habari niliwaambia ni nzuri, ndipo nikalia. Salamu ni salamu. Humpokei mtu mlangoni kwa kilio, unamwingiza kwanza.

Dada Tafakari hakuingia. Alibaki pale pale mlangoni akashangilia. "Vizuri sana. Ni kitu gani kilikwenda vyema?"

Maneno yangu yote ya kina yalikuwa yameyeyuka. Nikayatafuta, nikakuta moja tu limebaki.

"Ushirikiano," nikasema.

Hapo darasa likashindwa kujizuia. Shigela aligeukia ukuta na mabega yanatikisika. Mwingine alitoka nje kabisa. Hata Naushad, ambaye angepaswa kunionea huruma, aliinama chini ya kitanda akijifanya anaangalia koki. Mwalimu Revocatus peke yake alipiga makofi, kisha akaona yuko peke yake, akaishusha mikono kwenye karanga.

"Hongera," Dada akasema. "Je, utaboresha nini?"

Nikalisikia jibu linanipanda kooni. Linapanda taratibu, na mimi naliona, na sina uwezo wa kulizuia. Nita-. Nitao-.

"Ila?"

Alikuwa Suzana. Bado ameshika dripu yake, ameniangalia usoni, na ameniuliza kwa ile sauti yake ndogo, kama jirani anavyokuuliza pale ugani ukishamwambia nzuri na uso wako unasema vingine. Spika bado inasubiri.

"Ila sikuita mtu," nikasema.

Suzana hakusema kitu. Aliendelea kuniangalia tu, na ule ukimya wake ukanivuta mengine ambayo sikuyapanga. Nikasema niliogopa. Nikasema nilikuwa namfikiria daktari na kalamu yake, na saa yangu, na stoo, wala si mama aliyelala pale. Nikasema watu wa kunisaidia walikuwa hatua chache, na mimi nilitaka nionekane naweza peke yangu. Sauti yangu ilikuwa imeshuka hata mimi sikuitambua. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona mbele ya wanafunzi, na pamoja na ile aibu nikaona kitu kama kupumua.

Daktari Krupa alifunga kalamu. "Rudia," akasema.

Naushad akajaza mfuko. Safari hii rozela ilipoanza nilifungua kinywa nikaita. "Njooni mnisaidie, mama anatoka damu!" Niliita kwa sauti ya mama yangu, ile ya Kirumba. Suzana alifika na dripu kabla sijamaliza, Shigela akaja, akaja hata mlinzi kutoka getini na rungu lake, akaja hata mpishi na mwiko unaochuruzika maharage, na pimbi wote waliokuwa wanaota jua kwenye mawe ya nyuma ya chuo wakatimka. Koki ikafungwa rozela ikiwa bado nusu mfuko. Mama Doto akapona, kwa mara ya kwanza muhula ule.

Daktari Krupa alifuta raba zake kwa kitambaa, akamuuliza Mkuu hii saa ya kutafakari ilikuwa ya nani. Mkuu akasema ilikuwa ya Madam.

"Ibaki," daktari akasema. "Kelele ndizo ziondoke."

Kisha akatoa masharti, na aliyatoa akiniangalia mimi. Mtambo utaendelea kuanza, maana kuna mtu atakayeuambia mambo asiyoweza kuyasema mbele ya watu, na Naushad aufundishe lile swali la yule binti. Baada ya mtambo, wanafunzi waje kwangu. Nami nitauliza kama alivyouliza Suzana, neno moja, kisha nifunge mdomo nisubiri. Angekuja tena kuangalia kama ninaweza. Nikishindwa kunyamaza, saa inakwenda kwa tableti na mimi stoo.

Nikamwambia nitaweza. Mwalimu Revocatus alikohoa.

Jumatatu iliyofuata kundi la Shigela likarudia zoezi lao, kiongozi yeye. Rozela ilipotoka, akasimama vile vile, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Wenzake ukutani wakasubiri kuitwa. Mama Doto akafa, na katika kumhangaikia mguu ukatoka. Wakaenda kwa Dada Tafakari. Nikasikia Dada anauliza habari, Shigela anasema nzuri, na Dada, ambaye sasa ana akili zaidi, anamuuliza, "Ila?" Nikasogea dirishani.

"Ila nitaongeza juhudi," Shigela akasema.

Akapewa hongera.

Wakaingia, wakakaa na mimi kwa duara, mimi katikati yao na mguu wa Mama Doto mapajani, maana nilikuwa sijapata nafasi ya kuuchomeka. Nikamuuliza Shigela habari za zoezi. Akasema nzuri, Madam. Nikasema, "Ila?" Akasema ila ataongeza juhudi, na darasa likacheka, na yeye akacheka nao.

Damu yote ya Kirumba ikanipanda kichwani. Maneno yalinifika kwenye meno, yamejipanga, yana mikuki. Nikaushika ule mguu kwa mikono miwili, nikaubana, nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kicheko kikaisha. Bodaboda ikapita huko chini barabarani, ikaenda zake. Shigela akajikuna shingo, akaangalia dirishani, akaniangalia mimi akisubiri nimfokee, na sikumfokea. Ule ukimya ukawa mrefu kiasi kwamba mtu mmoja alianza kukohoa kwa huruma. Suzana akatoa tobolwa moja mfukoni akampa. Akalipokea, hakulila, akawa analigeuza tu mkononi.

"Ila dada yangu Modesta alikufa hivi," akasema. "Nyumbani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikiiona hii rozela sioni rozela, Madam."

Nikakumbuka ile korido, na mikono yake nyuma, na macho yake kwenye viatu. Mtu akikuuliza habari, utaanza na msiba? Alikuwa ameniambia kabisa. Nami nilimtuma akaoshe mifuko.

Nilikuwa na mengi ya kusema, na kwa mara ya kwanza hakuna lililotaka kutoka kwa sauti kubwa. Nikasema, "Pole, mwanangu." Wenzake wakasema pole, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake, kama inavyotakiwa. Akaitikia zote. Kisha akalila lile tobolwa, akalitafuna taratibu mpaka likaisha, akasimama.

"Nataka kurudia," akasema.

Wakajaza mfuko haraka haraka. Mimi nikasimama ukutani na wengine, maana kanuni ni kanuni. Rozela ikatoka. Shigela akasimama. Akasimama sana. Nikamwona anaiangalia ile rangi inavyoteremka, na nikauma ulimi nisimwambie. Halafu akavuta pumzi, na hakumwita Suzana mwenye dripu, wala mwenzake mwenye sindano.

"Madam Odeta," akaita, "njoo unisaidie."

Nikaenda mbio, mguu wa Mama Doto bado uko mkononi mwangu.